Mahindi yakae, unga usikae: somo juu ya mashini ndogo ya kuran ya kusaga



Katika somo hili tunazungumza juu ya mashini ndogo ya kusaga inayotumia kuran, ile ambayo mtu anaweza kuiweka nyumbani ao katika depo ya koperative. Wengi wametuuliza kama inafaa kununua. Jibu letu ni fupi: inafaa, lakini kwa masharti matatu. Mahindi yawe yamebaki kwenu, mahindi yawe safi na makavu, na mashini iwe ya kikundi kuliko ya mtu mmoja. Tutaeleza kila sharti moja moja. Someni pamoja katika mkutano, na mwisho mutakuta maswali ya kujadili.

1. Juu ya nini tunazungumza jambo hili sasa?

Katika Lualaba yetu, mwezi wa tano na wa sita mahindi ni mengi na bei iko chini. Gari za wanunuzi zinaingia mpaka kijijini, na familia inauza magunia karibu yote, sababu kuna makuta ya masomo ya watoto na deni la mbegu. Ikifika mwezi wa kwanza, wakati mahindi ya shamba bado mabichi, mkulima yule yule anakwenda ku soko ya Kolwezi ao Fungurume kununua bukari ya watoto wake, mara nyingi unga uliotoka ng'ambo ya mpaka.

Na mpaka si ghala letu. Mwezi wa pili wa mwaka 2024, Rais Hakainde Hichilema wa Zambia alitangaza ukame kuwa janga la taifa, na nchi ile ambayo ilikuwa inatulisha ilianza kutafuta mahindi ya watu wake yenyewe. Mwezi wa nane mwaka ule ule, mpaka wa Kasumbalesa ulifungwa siku chache kwa sababu ya mabishano ya biashara. Kila mara jambo kama hili linapotokea, anayeumia wa kwanza ni yule asiye na gunia nyumbani.

Mashini haileti mahindi. Inasaidia tu yule aliyebakiza mahindi. Kwa hiyo hesabu ya kwanza si bei ya mashini, ni magunia mangapi hamtauza.

Fanyeni hesabu hii. Tuseme familia ya watu 7 inakula kilo 2 na nusu ya unga kwa siku. Hiyo ni kilo 75 kwa mwezi, na kilo 900 kwa mwaka. Inaomba magunia 9 mpaka 10 ya kilo 100, kama munakula mahindi matupu na munasaga bila kukoboa. Kama munachanganya nusu na muhogo, magunia 5 yanatosha. Hekta moja bila mbolea mara nyingi haifikishi tani moja. Basi munaona: kabla gari ya mnunuzi haijafika, familia inapaswa kujua namba yake na kuyaweka kando magunia hayo.

2. Mbegu nzima inakaa, unga haukai

Ndani ya kila punje ya mahindi kuna kiini. Kiini kina mafuta na vitamini. Punje ikiwa nzima, mafuta yale yamefungwa vizuri, yanaweza kukaa mwaka mzima. Ukisaga, mafuta yanakutana na hewa, na polepole unga unakuwa mchungu na kunuka. Unga mweupe wa mifuko ya dukani unakaa zaidi kwa sababu viwanda vinatoa kiini na maganda kwanza.

Bamama wanatuuliza: "Bunga itakaa siku ngapi?" Kwa unga wa punje nzima, tunashauri kusaga wa juma moja, usizidi majuma mawili. Hapo ndipo mashini ndogo inapata maana yake. Hakuna haja tena ya kubeba gunia zima kichwani mpaka ku mashini ya mbali na kurudi na unga mwingi ambao utaharibika. Munasaga kidogo, munakula ukiwa mpya, na kilichobaki kinangoja kikiwa mbegu.

3. Mahindi makavu, mahindi safi

*Kukausha.* Mahindi ya kuweka yanapaswa kuwa na maji yasiyozidi 13 kwa 100. Pasipo kipimo, tumieni chumvi. Twaa chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi mpaka theluthi moja, ongeza kiganja kimoja cha chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, kisha uache dakika 15. Chumvi ikishikana na kioo, maji yangali juu ya 15 kwa 100: rudisha mahindi kwenye jua. Chumvi ikibaki chini bila kushika, mahindi yamekaribia. Yape siku moja ao mbili zaidi za jua, kisha weka.

*Kuchagua.* Punje yenye ukungu wa kijani, wa kijivu ao wa pinki isiingie ku mashini. Ukungu unaweza kuacha sumu kama aflatoksini, ambayo inaharibu maini. Kusaga hakuitoi, na kupika bukari hakuiui. Mashini inaificha tu, sababu ndani ya unga hakuna mtu anayeona tena punje mbaya.

*Vumbi ya migodi.* Hili linatuhusu sisi wa ukanda wa shaba kuliko watu wengine. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wanaoishi karibu na migodi ya Katanga walikuwa na kobalti nyingi sana katika mkojo wao. Mwaka 2018 walionyesha jambo hilo tena kwa wakaaji wa Kasulo, hapa hapa Kolwezi. Basi:

- Hapana kuanika mahindi kando ya barabara ambapo magari ya mawe ya mgodi yanapita. Anikeni ndani ya lupango, juu ya hema ao mkeka, mbali na vumbi.
- Hapana kutia mahindi katika mifuko iliyobeba madini, hata kama imefuliwa. Mfuko wa madini ni wa bei ndogo, lakini unarudisha vumbi ndani ya bukari.
- Pepeteni na kuchekecha kabla ya kusaga. Jiwe dogo moja ao msumari mmoja unatosha kuharibu sahani za mashini.

*Kuweka.* Mifuko ya tabaka tatu, kama ile ya PICS, inazuia hewa, na vidudu vinakufa ndani bila dawa. Ifungeni barabara, muiweke juu ya mbao, mbali na ukuta na panya.

*Muhogo.* Kama munasaga muhogo mchungu, uwe umeloweshwa kwanza siku 3 ao 4, kisha ukaushwe vizuri. Mashini haitoi sumu ya muhogo. Muhogo usioloweshwa vema ndio unaoleta konzo, ugonjwa unaopooza miguu ya watoto na bamama.

4. Mashini gani?

Ziko aina mbili za kawaida. Ya kwanza ni ya sahani: sahani mbili za chuma ao mawe mawili yanasugua punje katikati. Inaenda polepole, haina makelele mengi, na unaweza kukaza ao kulegeza ili unga uwe laini ao wa chenga. Ya pili ni ya nyundo: vyuma vinazunguka mbio na kupiga punje mpaka zipite katika tundu za chujio. Inasaga kwa haraka, lakini inatoa vumbi na makelele, na inaomba nguvu zaidi.

Nyumbani kuran ni ya monofaze, volti 220. Muulize muuzaji kama motere ni ya monofaze, maana mashini nyingi kubwa ni za trifaze na hazitawaka kwenu. Motere ya kilowati 2.2, yaani nguvu za farasi 3, inatosha kikundi kidogo. Kabla ya kulipa, ombeni kusaga mahindi yenu wenyewe pale pale dukani, na muulize kama sahani ao nyundo za kubadilisha zinapatikana Kolwezi ao Likasi. Mashini isiyo na vipande vya kubadilisha itakuwa chuma cha kuuza kwa kilo.

5. Kuran yetu

Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako karibu nasi, na ule waya mkubwa wa Inga wenye karibu kilometa 1,700, ulioanza kazi mwaka 1982, unaishia Kolwezi. Lakini migodi inakula sehemu kubwa ya umeme, na vijiji vingi vinaona waya zikipita juu ya vichwa tu. Kama kijiji chenu hakina kuran, musinunue mashini ya umeme kwa matumaini. Ya mafuta ni bora kwenu kwa sasa.

Wale wenye kuran washike haya:

1. Motere ya kilowati 2.2 inavuta karibu ampea 14 ao 15 ikiwa kazini. Wakati wa kuwaka inavuta mara 5 ao zaidi kwa kitambo kidogo. Ipeni waya wake peke yake wa milimita 4 za mraba, disjonktere yake, na waya wa ardhi. Fundi anayejua kazi ndiye afunge, si kijana wa kuunganisha taa.
2. Washa mashini ikiwa tupu. Ngoja izunguke sawasawa, ndipo uanze kumimina mahindi polepole.
3. Taa zikififia, simamisha. Kuran ndogo inachoma motere kuliko kazi nyingi. Sageni asubuhi ao mchana, wakati watu wengi hawajawasha vyombo vyao.
4. Kuran ikikatika katikati ya kazi, zima swichi palepale na uchomoe. Ondoa mahindi yaliyobaki ndani kabla ya kuwasha tena. Motere inayowaka ikiwa imejaa inaungua.
5. Mutakaotumia jenereta, ile ya kilowati 2 ao 3 haitoshi kwa motere hii, kwa sababu ya ule mvuto wa kuwaka. Muulize fundi kwanza.

6. Siku ya kusaga

Mashini mpya: saga kwanza kilo moja ao mbili za mahindi na uzitupe, maana zinatoa mafuta na unga wa chuma wa kiwandani. Musiwape hata kuku.

Anayependa unga mweupe akoboe kwanza kwa kinu kama tulivyozoea: nyunyiza maji kidogo, twanga, pepeta, kisha kausha tena kabisa. Punje yenye maji inageuka uji ndani ya sahani na kuziba mashini. Mujue pia kwamba kukoboa kunapunguza chakula. Pimeni kwa mizani mahindi kabla na unga baadaye, mutaona hasara wenyewe. Pumba ziende kwa kuku na nguruwe.

Gusa unga unapotoka. Uwe wa vuguvugu tu. Ukiwa wa moto, sahani zimekazwa sana ao zimeisha. Tandaza unga juu ya kitambaa safi upoe kabla ya kufunga, maana unga wa moto ndani ya mfuko unatoa jasho, na jasho linaleta ukungu.

Usalama: funga kitenge vizuri, kitambaa cha kichwa kisining'inie, nywele ndefu zifungwe. Hapana kusukuma mahindi kwa mkono, tumia kijiti. Watoto wakae mbali. Mbabula na kiberiti visikaribie, sababu vumbi ya unga inaweza kushika moto. Funika pua na kitambaa.

7. Ya mtu mmoja ao ya kikundi?

Turudie hesabu. Tuseme munapima na kuona mashini inasaga kilo 40 kwa saa. Familia ya kilo 75 itaitumia saa 2 tu kwa mwezi, na kontere itahesabu kilowati-saa chache tu. Umeme si mzigo mkubwa. Mzigo ni kununua chombo ambacho kinalala siku 29.

Sasa weka familia 20 pamoja. Zinasaga kilo 1,500 kwa mwezi, karibu saa 38 za kazi. Tuseme mashini inalipwa dola 500 na inadumu miaka 3: itasaga kilo 54,000, na bei yake inakuwa chini ya senti moja ya dola kwa kilo. Juu ya hapo ongezeni umeme, sahani mpya, na posho ya anayesaga. Bei halisi za kwenu zitakuwa nyingine. Tumieni njia hii na namba zenu.

Makuta yanayolipwa yagawanywe katika mafungu matatu yanayoandikwa kila siku: umeme, matengenezo, na akiba ya kununua mashini nyingine. Koperative isiyo na fungu la tatu itachangishana upya siku motere inapokufa. Na meka inayopimia mahindi ipimwe kwa mizani mbele ya wote, maana meka hazilingani, na ugomvi mwingi unaanzia hapo.

Maswali ya kujadili

1. Mwaka huu kila familia ilibakiza magunia mangapi baada ya kuuza? Yalifika mpaka mwezi gani?
2. Ni deni gani lililotulazimisha kuuza mapema, na koperative ingeweza kusaidia namna gani?
3. Mahindi yetu yanaanikwa wapi? Mifuko yetu ilibeba nini mbele?
4. Nani atashika kitabu cha mashini, na nani atamkagua?

Andikeni majibu katika kitabu cha koperative. Mutakapoyarudia kabla ya mavuno yanayokuja, mutajua kama muko tayari kununua mashini ao bado.