Tangi la Samaki Lenye Mimea: Somo la Maji Baridi kwa Shule za Mbulu na Hanang

Katika Wilaya ya Hanang, mkoani Manyara, yako maziwa mawili yasiyofanana. Ziwa Basotu lina maji baridi, na wakazi wa kando yake huvua samaki. Ziwa Balangida, lililo chini ya Mlima Hanang, lina chumvi na magadi. Kiangazi kinapozidi hukauka na kuacha ukoko mweupe ambao watu huukusanya. Jua linaloyaangaza ni lilelile. Kinachoyatenganisha ni vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji, na vitu hivyo havionekani kwa macho.

Mwanafunzi anayetaka kuelewa jambo hili anaweza kulichunguza nyumbani au darasani kwa kutumia tangi la kioo, mchanga, mimea na samaki wachache. Tangi la namna hiyo halihitaji fedha nyingi, wala si lazima liwe na umeme. Linahitaji uvumilivu wa wiki kadhaa na ufahamu wa kanuni chache za sayansi. Wengi wanaojaribu bila kanuni hizo hushangaa kuona samaki wao wakifa katika siku kumi na nne za mwanzo, ingawa maji ni meupe kabisa.

UVUMBUZI WA KALE

Mwaka 1771 Joseph Priestley wa Uingereza aligundua kwamba tawi la mnanaa huweza kuitengeneza upya hewa iliyoharibiwa na moto wa mshumaa. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz alionyesha kwamba majani yaliyozamishwa majini hutoa viputo vya hewa hiyo yanapopata mwanga, na huacha kuvitoa gizani. Hiyo ndiyo kazi tunayoiita leo usanidimwanga: mmea hutumia mwanga, maji na kabonidioksidi kujitengenezea chakula, na hutoa oksijeni.

Mwaka 1850 mkemia wa London, Robert Warington, alieleza jinsi alivyowaweka samaki wawili pamoja na mmea wa Vallisneria katika chombo kimoja. Mwanzoni majani yaliyooza yaliyachafua maji. Alipoongeza konokono, wakawa wanayala majani hayo, na maji yakatulia. Jaribio hilo lilifundisha kwamba viumbe wa majini hutegemeana: taka ya mmoja ni riziki ya mwingine.

SUMU ISIYOONEKANA

Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake. Chakula kilichobaki na majani yaliyooza huongeza amonia hiyo. Katika tangi jipya hakuna cha kuiondoa, hivyo hulundikana na kuwaua samaki.

Katika tangi lililokomaa wamo bakteria wa aina mbili za kazi. Wa kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wa pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo, na ambayo mimea huitumia kama mbolea. Mwaka 1890 Sergei Winogradsky alifaulu kuwatenga bakteria wa kazi hiyo. Hukaa juu ya mchanga, mawe na majani, wala hawaelei sana majini. Huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka vya kutosha, na penye baridi huchelewa zaidi. Hiyo ndiyo sababu samaki hawatiwi siku ileile tangi linapojazwa.

MAJI YA MBULU NA HANANG

Amonia iliyo majini huwa katika hali mbili: amonia yenyewe, ambayo ni sumu kali, na amoniamu, ambayo ni hafifu. Kiasi cha kila moja hutegemea pH. Katika maji ya nyuzijoto 20 za Sentigredi, pH ikiwa 7, chini ya nusu ya asilimia moja tu ndiyo huwa katika hali ya sumu kali. pH ikiwa 8, hufika karibu asilimia 4. pH ikiwa 9, hufika karibu asilimia 28. Kwa hiyo taka ileile inayovumilika katika maji ya mvua yaweza kuua katika maji ya kisima chenye magadi. Visima vingi katika eneo la Bonde la Ufa vina maji ya namna hiyo, na baadhi yana floridi nyingi pia. Inafaa maji yapimwe kwanza kwa karatasi za pH kutoka maabara ya shule. Yakizidi 8, yachanganywe na maji safi ya mvua.

Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yaachwe katika ndoo wazi kwa siku mbili, kwani klorini huwaua samaki na bakteria pia.

Jambo la pili ni kimo cha nchi. Usawa wa bahari, maji ya nyuzijoto 20 hubeba miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita. Katika nyanda za juu, penye kimo cha mita 1,700, kanieneo ya hewa ni ndogo, na maji hayo hubeba miligramu 7.4 hivi. Kwa hiyo samaki wawe wachache kuliko vitabu vya nchi za pwani vinavyoshauri.

HATUA ZA KUFUATA

1. Litumike tangi lenye urefu wa sentimeta 60, upana 30 na kimo 30, la kioo cha milimeta 6 kilichounganishwa kwa silikoni isiyo na dawa ya kuua ukungu. Silikoni ikauke kabisa, kisha tangi lijazwe nje ya nyumba ili kuona kama linavuja.

2. Liwekwe juu ya meza imara, kwa kuwa likijaa maji hukaribia uzito wa kilo 54 bila kuhesabu kioo na mchanga. Liwe karibu na dirisha, ila jua la moja kwa moja lisilipige kwa saa nyingi, lisije likajaa mwani.

3. Itandazwe tabaka ya sentimeta 3 ya udongo wa kawaida usio na samadi wala mbolea ya dukani. Juu yake uwekwe mchanga wa mtoni uliooshwa mpaka maji yake yawe meupe, nao uwe sentimeta 3. Mchanga ujaribiwe kwa siki: ukitoa povu, una chokaa, na utapandisha pH.

4. Maji yamiminwe polepole juu ya sahani ili udongo usitibuke. Yakiachwa sentimeta 3 chini ya ukingo, tangi litakuwa na lita 38 hivi za maji.

5. Mimea ipandwe kwa wingi tangu siku ya kwanza. Vallisneria hupandwa kwa mizizi. Ceratophyllum, ambayo haina mizizi, huachwa ielee. Zote mbili hupatikana katika maziwa ya Afrika Mashariki.

6. Kwa wiki sita kitiwe chakula kidogo sana cha samaki kila siku, ili bakteria wapate amonia ya kuanzia.

TAHADHARI KUHUSU KICHOCHO

Mimea inayochumwa bwawani huja na konokono, na baadhi ya konokono hao hubeba vimelea vya kichocho vinavyopenya ngozi ya binadamu. Mwanafunzi asiingie bwawani kuchuma mimea. Ni salama zaidi kuipata kwa mtu mwenye tangi tayari. Ikilazimu kutumia ya bwawani, ishikwe kwa glavu, konokono na mayai yao waondolewe, na mimea ikae katika ndoo ya peke yake kwa wiki tatu huku ikikaguliwa. Konokono aliyeanguliwa katika tangi safi hana kichocho, kwani huambukizwa tu na maji yaliyoingiwa na kinyesi au mkojo wa mgonjwa.

SAMAKI WANAOFAA

Perege hawafai sana: hukua wakubwa, huchimba mchanga na kula mimea. Wanaofaa ni samaki wadogo, kama wale wa jenasi Enteromius wanaoishi katika mito mingi ya nchi yetu. Waanze wawili au watatu, na baada ya wiki tatu waongezwe mpaka wafike wanane wenye urefu wa sentimeta 3. Afisa uvuvi wa wilaya aulizwe kabla ya kuvua.

Samaki wala mimea ya tangi visimwagwe kamwe mtoni au ziwani. Sangara walitiwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, na aina nyingi za samaki wa asili zikatoweka baadaye. Gugumaji, mmea wa pambo kutoka Amerika ya Kusini, lilienea ziwani humo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980.

UTUNZAJI

Robo ya maji ibadilishwe kila wiki. Maji yanayotolewa yana nitrati, hivyo yamwagiwe mboga. Maji yaliyopungua kwa kukauka yajazwe kwa maji ya mvua. Sababu ni hii: maji hupaa, lakini chumvi hubaki. Balangida haina mto unaotoka, na ndivyo ilivyopata chumvi yake. Tangi linalojazwa maji ya kisima tu bila kubadilishwa hufuata njia hiyohiyo.

MASWALI

1. Tangi lenye lita 38 za maji yenye miligramu 500 za chumvi kwa lita hupoteza lita 2 kila wiki kwa kukauka, na hujazwa kwa maji hayohayo. Baada ya wiki 52, chumvi itakuwa imeongezeka mara ngapi? (Jibu: kutoka gramu 19 hadi 71, yaani karibu mara nne.)

2. Kwa nini samaki huonekana wakihema juu ya maji alfajiri kuliko alasiri?

3. Tangi mbili zina amonia sawa, lakini samaki wamekufa katika moja tu. Ni kipimo gani kitakachofumbua jambo hilo?