Je, Saa ya Mkononi Yajua Ulivyolala?

Siku hizi si ajabu kumwona baba au kijana katika familia zetu amevaa saa inayohesabu hatua mchana na kupima usingizi usiku. Asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, anafungua simu kuona ameandikiwa nini: usingizi mzito dakika 52, alama 78. Aliyeamka mzima, akikuta alama 60, hunyong'onyea siku nzima. Mwezi huu tumeona vema tuelezane maana ya tarakimu hizo.

Ndani ya saa hiyo mna kifaa kidogo kinachohisi mwendo wa mkono, na upande unaogusa ngozi kuna taa za kijani. Damu hufyonza mwanga huo. Kila moyo unapopiga, damu huongezeka katika mishipa na mwanga unaorudi hupungua. Hivyo mapigo huhesabiwa. Mkono ukitulia na mapigo yakipungua, kifaa hukisia kwamba umelala. Twasema hukisia, maana usingizi wenyewe huongozwa na ubongo, na saa haifiki huko. Hospitali zenye maabara ya usingizi hubandika nyaya kichwani, kando ya macho na kidevuni, na kupima pumzi pia. Ni kwa kuchunguza macho ya waliolala ndipo Aserinsky na Kleitman, huko Chicago, walipoeleza mwaka 1953 usingizi ule ambao macho hukimbia huku na huko chini ya kope, na ndoto nyingi huja.

Basi muda wote uliolala hukadiriwa vizuri kiasi, lakini mgawanyo wa usingizi mzito, mwepesi na wa ndoto usiuamini sana. Hata mama aliyelala kimya gizani akiwaza ada ya shule, macho makavu, aweza kuhesabiwa kuwa amelala. Tena usingizi mzito hupungua kadiri umri unavyosonga, kwa hiyo babu asijilinganishe na mjukuu wake. Na hizo alama kila kiwanda kina hesabu yake. Si kipimo cha daktari. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walieleza habari za watu waliotafuta matibabu kwa sababu ya tarakimu za vifaa hivi, na hofu ya tarakimu yaweza yenyewe kumnyima mtu usingizi.

Kinachofaa ni kutazama majuma mawili kwa pamoja. Unapanda kitandani wakati ule ule, au leo saa tatu na kesho saa saba usiku? Je, unafikisha saa 7, kiasi cha chini kwa mtu mzima? Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10, na wengi hawazipati kwa ajili ya simu hiyo hiyo.

Lakini lipo jambo linalotutia wasiwasi zaidi. Mume anakoroma, ghafla ananyamaza kama aliyekatika pumzi, kisha anashtuka akihema. Mke akimweleza, anamwonyesha simu: "Mama Neema, tazama mwenyewe, alama 85!" Hapo sisi twamwamini Mama Neema. Huenda koo linajifunga usingizini na oksijeni ya damu inashuka, mara nyingi kila usiku. Hali hiyo huandamana na shinikizo la damu, na dereva mwenye nayo aweza kusinzia akiwa kwenye usukani. Tangu mwaka 2024 baadhi ya saa zimeruhusiwa Marekani kutoa tahadhari ya dalili hizo, ila saa ikinyamaza haina maana kwamba mtu ni mzima.

Mgonjwa wa namna hiyo aende hospitali, na mkewe afuatane naye hadi chumba cha daktari, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa macho. Aeleze pumzi hukatika kwa muda gani, mara ngapi, na kama baba husinzia mchana akiwa anazungumza na watu. Simu nayo waichukue; daktari akitaka kujua saa za kulala na kuamka, zimo.