Viongeza Uzito katika Vyakula Vyenye Mafuta Kidogo

Ukikutana na neno "uzito" katika mada hii, usifikirie mizani. Ni uzito ule wa uji mzito. Nimesahihisha majibu mengi yanayosema kuwa viongeza uzito humnenepesha mlaji, na jibu hilo halipati alama hata moja.

Chukua mtindi. Mafuta ya maziwa ni matone madogo mno yanayoteleza juu ya ulimi, ndiyo maana mtindi wenye mafuta huwa laini mdomoni. Ukiyaondoa, mtindi huwa mwepesi, na ukikaa, maji ya kimanjano hujitenga juu yake. Kiongeza uzito huyazuia maji hayo yasijitenge.

Wanga wa mahindi ndio mfano rahisi, maana umeuona jikoni. Katika maji baridi chembe zake hutuama tu chini. Zikipata joto la takribani nyuzi 62 hadi 72 za Selsiasi, hunyonya maji na kuvimba, na sehemu ya wanga huchuruzika nje ya chembe. Maji hayatembei tena ovyo, na mchanganyiko huwa mzito. Usimwage unga mkavu kwenye maji ya moto: nje ya donge huiva kwanza na kuzuia maji yasifike ndani.

Viko pia jelatini ya mifupa na ngozi za wanyama, pektini ya maganda ya matunda, na karajinani, inayotokana na mwani kama ule unaolimwa Zanzibar. Karajinani hushikana na protini za maziwa, hivyo kidogo sana hutosha.

Swali la hesabu hupenda kutokea hapa. Gramu 1 ya mafuta hutoa kilokalori 9, ya wanga 4. Ukiondoa gramu 3 za mafuta (27) na kuweka gramu 2 za wanga (8), umepunguza kilokalori 19. Lakini vitamini A na D zilizoondoka na mafuta hazirudishwi na wanga. Wengi husahau kulitaja hilo.

Swali: Kwa nini wanga hupikwa na maziwa kabla ya kutia bakteria wa mtindi?

Jibu: Wanga huhitaji joto linalozidi nyuzi 60 ili uvimbe. Bakteria hao hustawi kwenye nyuzi 40 hadi 45, kwa hiyo wangekufa. Maziwa yapozwe kwanza, kisha watiwe.