Ngoma itanilisha Ikungi?

Swali: Nimesomea sanaa za maonyesho TaSUBa, Bagamoyo, nimerudi Ikungi. Msimu wa harusi ukiisha, kikundi chetu hakina kazi. Tufanyeje?

Jibu: Ndugu yangu, mtazame marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa kwa majirani zenu Dodoma. Alipiga zeze na ilimba jukwaani, akafundisha chuoni hapohapo Bagamoyo, akarekodi albamu nje ya nchi. Alifariki mwaka 2003, na familia yake bado inaendeleza muziki ule.

Nanyi msitegemee harusi peke yake. Fundisheni ngoma na maigizo shuleni kwa ada ya muhula. Ombeni kazi za uhamasishaji wa afya au kilimo cha alizeti, kwa mkataba wa maandishi na malipo ya awali. Nauli na soda si malipo! Andikeni gharama zote daftarini: usafiri, mavazi, posho, hata ngozi ya ngoma iliyopasuka, bei yenu itoke humo.

Sajilini kikundi BASATA, yaani baraza la sanaa, na nyimbo zenu COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Halmashauri hutoa mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya vijana, ila nawasihi: msikope kabla ya kupata mkataba wa kwanza.