Bomba la Dawa: La Bei Rahisi au la Bei Kubwa?

Leo tutasoma habari za bomba la kunyunyizia dawa, lile la kubeba mgongoni. Wengine huliita solo. Kama unalima kahawa Meru au nyanya Ngarenanyuki, unalijua vizuri. Labda umelibeba leo asubuhi.

Ingia katika duka la pembejeo mjini Arusha. Utaonyeshwa mabomba mawili. Yote yana tangi la plastiki, mkono wa kupampia, mpira, fimbo na nozeli. Kwa macho yanafanana. Lakini bei ya moja ni mara tatu au nne ya bei ya lingine. Je, ununue lipi?

Tupige hesabu. Bei hizi ni za mfano tu. Bomba la kwanza ni shilingi 40,000, nalo linadumu miaka 2. Katika miaka 6 utanunua mabomba 3. Hizo ni shilingi 120,000. Bomba la pili ni shilingi 150,000, nalo linadumu miaka 6. Lakini kila mwaka unalinunulia vipuri vya shilingi 5,000. Jumla ni shilingi 180,000.

Kumbe bomba la bei rahisi limeshinda! Hesabu hii ni sahihi, na ndiyo maana watu wengi hulinunua. Lakini kuna kitu hatujakihesabu. Kitu hicho ni dawa inayovuja.

Bomba bovu huvuja kwenye kifuniko, kwenye maungio ya mpira na chini ya tangi. Tuseme linamwaga nusu lita katika kila tangi la lita 15. Ukipiga matangi 30, umemwaga tangi zima la dawa uliyoilipia. Na dawa hiyo haikuanguka chini yote. Imepita mgongoni mwako, ikalowesha shati, ikashuka hadi kiunoni na mapajani. Wengi wetu hudhani kwamba sumu huingia kwa mdomo na pua tu. Kwa mpiga dawa, njia kubwa ni ngozi. Nguo iliyolowa dawa hukaa juu ya ngozi muda wote wa kazi. Hapo utaandika shilingi ngapi? Mimi siwezi kuandika.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe "Bei gani?" Liwe "Je, linavuja?" Mwombe mwenye duka atie maji safi. Funga kifuniko. Pampu mpaka mkono uwe mgumu. Livae mgongoni, kisha uiname kama mtu anayepita chini ya mibuni. Mwenzako atazame mgongo wako. Fungua maji, halafu funga. Nozeli iache kudondosha mara moja. Muuzaji akikataa jaribio hili, nenda duka jingine. Mimi niliwahi kuona haya kuomba maji. Nikanunua bomba la bei kubwa, lenye rangi nzuri, nikaamini bei. Siku ya kwanza kifuniko kilivuja, nikarudi nyumbani shati limelowa.

Swali la pili ni vipuri. Ndani ya bomba kuna washa, yaani vipande vidogo vya mpira vinavyozuia maji yasipite. Dawa huzila washa polepole, nazo hukakamaa na kupasuka. Hakuna bomba lisilopatwa na jambo hili. Basi uliza kabla ya kulipa: "Washa zake zinauzwa hapa?" Bomba la bei kubwa lisilo na vipuri litakutia hasara kuliko lile la bei rahisi.

Swali la tatu: utalitumia siku ngapi? Mwaka 2014 kantangaze, mdudu anayetoboa majani na matunda ya nyanya, alionekana Arumeru kwa mara ya kwanza nchini Tanzania. Tangu hapo kazi ya kupiga dawa kwenye nyanya imeongezeka. Mkulima wa nyanya nyingi na anunue bomba imara. Bomba likimfia siku ambayo bakajani imeingia, shamba halitamsubiri. Lakini mwenye mibuni michache hana kazi nyingi ya dawa, hasa kama amepanda aina mpya za TaCRI, zinazovumilia chulebuni na kutu ya majani. Bomba la bei rahisi lisilovuja linamtosha. Au majirani watatu wachange wanunue moja zuri. Wakichanga, waandikiane nani ataliosha na nani atanunua washa, maana ugomvi huanzia hapo. Tena wasilitumie kwa dawa ya magugu, kisha kwa nyanya. Mabaki kidogo ya dawa ya magugu yanaweza kuua nyanya.

Sasa umenunua. Pima nozeli ingali mpya. Tia maji safi, pampu sawasawa, kinga maji kwa dakika moja katika chombo chenye alama. Andika kiasi hicho katika daftari, pamoja na tarehe. Tuseme umepata mililita 800. Dawa za unga, kama ile ya shaba tunayopiga kwenye mibuni, husugua tundu la nozeli mpaka linapanuka. Msimu ukiisha, pima tena. Ukipata 880 au zaidi, nozeli imezidisha sehemu moja ya kumi. Nunua mpya. Nozeli ikiziba shambani, usiipulize kwa mdomo. Ioshe kwa maji na brashi laini.

ZOEZI

1. Uliza bei ya mabomba mawili katika duka la karibu, na bei ya washa zake. Piga hesabu ya miaka 6 katika daftari lako.

2. Bomba la lita 15 linamwaga robo lita katika kila tangi. Ukipiga matangi mangapi, utakuwa umemwaga tangi zima?