Mkate Uliolala na Mkate Ulioota Kuvu: Kijitabu cha Elimu ya Afya kwa Kaya za Nakuru na Bonde la Ufa la Kati

1. Kijitabu hiki kinahusu nini

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya kaya za Nakuru, Njoro, Molo, Gilgil, Naivasha, Subukia na maeneo jirani, ambako mkate wa dukani umekuwa kifungua kinywa cha kila siku, na ambako karibu kila nyumba hubakiwa na vipande viwili vitatu ambavyo havikuliwa vilipokuwa laini. Kina makusudi mawili yanayokwenda pamoja: kuonyesha namna ya kuutumia mkate uliobaki ili chakula kisitupwe bure, na kuzuia maradhi yanayotokana na kula mkate ambao haukupaswa kuliwa tena. Kusudi la pili ndilo lililo zito zaidi, kwa kuwa maradhi ya tumbo yanayoletwa na chakula kilichoharibika yanaweza kuzuiwa nyumbani, bila dawa na bila gharama, na hata hivyo yanaendelea kuonekana msimu baada ya msimu.

2. Kanuni iliyo juu ya zote

Mkate ulioota kuvu haukwanguliwi, hutupwa wote.

3. Mkate uliolala haujaharibika

Mkate uliolala ni ule uliobaki kutoka jana au juzi, ambao umekuwa mgumu, umepoteza harufu yake ya kwanza, na huvunjika ukikunjwa, lakini hauna doa, hauna unyevu wa kunata, wala hauna harufu ngeni. Mkate wa namna hii ni chakula kamili, na kuutupa ni kutupa ngano ambayo mkulima wa Njoro, Mau Narok au Narok ameitolea jasho, pamoja na fedha ambazo kaya ilizihitaji kwa mambo mengine. Ugumu peke yake si dalili ya ugonjwa. Kinachopaswa kuogopwa ni kuvu, na watu wengi huyachanganya mambo haya mawili, wakiutupa mkate mgumu ulio salama na kuula mkate laini ulioanza kuota.

4. Kuvu, na kwa nini kisu hakisaidii

Kuvu, ambayo wengi huiita pia ukungu, ni uoto mdogo unaomea juu ya chakula chenye unyevu, na huonekana kama unga mweupe, doa la kijani, la buluu au jeusi, au manyoya laini mfano wa pamba. Kinachoonekana juu ni sehemu tu, kwa maana nyuzi zake nyembamba, ambazo jicho haliwezi kuziona, huwa zimekwisha kupenya ndani, na mkate, ukiwa na matundu mengi kama sifongo, hauna uwezo wa kuzizuia.

Desturi inayotia wasiwasi kuliko zote ni hii: mkate unafunguliwa alfajiri, doa la kijani lenye ukubwa wa punje ya dengu linaonekana kwenye ganda la pembeni, doa hilo linakwanguliwa kwa ncha ya kisu au kumegwa kwa ukucha, kipande kinapakwa majarini nzito ili uchungu usisikike, kisha mtoto anapewa pamoja na chai aende shule. Hapo kisu kimeondoa rangi tu, na kuvu yenyewe imebaki ndani ya kipande kilichoingia tumboni mwa mtoto.

Baadhi ya aina za kuvu hutengeneza sumu inayoitwa sumukuvu, na iliyo mbaya zaidi miongoni mwa hizo huitwa aflatoksini, ambayo huumiza ini na, ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, huweza kuleta saratani ya ini. Si kila kuvu ya mkate hutoa sumu hiyo, lakini hakuna mpishi awezaye kutambua kwa macho, kwa pua au kwa ulimi ni ipi yenye sumu na ni ipi isiyo nayo. Tena moto wa jikoni, hata ukiiua kuvu, hauiondoi sumu iliyokwisha kutoka, hivyo kuuchoma mkate huo, kuukaanga au kuuchemsha katika uji hakumlindi mlaji.

Kenya inaufahamu uzito wa jambo hili. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na maeneo jirani, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu na kuota kuvu yenye aflatoksini. Chakula kilichoua wakati huo kilikuwa mahindi na si mkate, na kiasi cha sumu kilikuwa kikubwa sana, lakini funzo ni lile lile: chakula kilichoota kuvu hakisafishwi kikawa chema.

Mkate ulioota kuvu haukwanguliwi, hutupwa wote.

5. Ukaguzi wa mkate kabla ya kupika

Ukaguzi ufanywe penye mwanga wa kutosha, kwa sababu mapishi mengi ya alfajiri hufanyika gizani au kwa taa hafifu, na doa dogo hupita bila kuonekana. Kila kipande kitazamwe pande zote mbili, hasa ganda la chini na ile ncha ambapo mfuko hufungwa, kwa kuwa unyevu hukusanyika hapo.

Mkate utupwe wote ikiwa una lolote kati ya haya:

- Doa la rangi yoyote ambalo halikuwapo siku uliponunuliwa, hata likiwa moja, hata likiwa dogo kama kichwa cha kiberiti.
- Kipande kimoja kilichoota kati ya vingi vinavyoonekana safi, maana vyote vimekaa katika mfuko mmoja na vimegusana.
- Harufu ya tunda lililoiva kupita kiasi, pamoja na sehemu ya ndani inayonata na kuvutika kama nyuzi ukimegwa, jambo linalotokea zaidi wakati wa joto.
- Alama za meno ya panya, kinyesi cha panya au mende, au mfuko uliotobolewa.

Mkate ulioota usinuswe kwa karibu, kwa sababu vumbi la kuvu huingia kifuani na kumsumbua hasa mwenye pumu. Ladha nayo isitumiwe kama kipimo, na tarehe iliyochapishwa kwenye mfuko isiaminiwe peke yake, kwani mkate uliowekwa vibaya huota kabla ya tarehe hiyo kufika.

6. Kuuhifadhi ili usiote

Mkate uwekwe mahali pakavu, penye hewa na pasipo jua, ndani ya chombo chenye mfuniko, mbali na mvuke wa sufuria. Kabati au rafu iliyo juu ya jiko haifai, kwa sababu joto na mvuke huufanya mfuko uwe na matone ya maji ndani, na matone hayo ndiyo yanayoiamsha kuvu. Kwa sababu hiyo hiyo mkate uliookwa nyumbani usifungwe kabla haujapoa kabisa. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, na popote penye joto, mkate huota upesi zaidi, na inafaa ununuliwe kiasi kinacholiwa kwa siku mbili tu. Pale duka linapouza nusu au robo ya mkate, mnunuzi ana haki ya kuomba ukatwe kwa kisu safi, kisiwe kile kilichotoka kukata sabuni au nyama.

Jokofu huchelewesha kuvu lakini huufanya mkate uwe mgumu haraka. Kaya yenye sehemu ya kugandishia barafu yafaa iuweke humo ukiwa umekwisha kukatwa vipande, ili vitolewe vile vinavyohitajika peke yake.

Chombo cha mkate kikung'utwe makombo, kioshwe kwa sabuni na kukaushwa juani kila juma, na ikiwa mkate uliota ndani yake, kioshwe siku hiyo hiyo kabla ya kutiwa mwingine.

7. Mapishi ya mkate uliolala

Mapishi yote yanayofuata ni ya mkate uliokaguliwa na kuonekana hauna kuvu. Mpishi aoshe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kuanza, na tena baada ya kugusa mayai au nyama mbichi.

*Mkate wa mayai.* Mayai mawili hupigwa pamoja na robo kikombe ya maziwa yaliyochemshwa na kupoa, na chumvi kidogo. Vipande vinne hutumbukizwa upesi pande zote mbili, kisha hukaangwa kwa mafuta kidogo juu ya moto wa wastani mpaka yai ligande kabisa na kusiwe na sehemu inayoteleza. Mkate mgumu ndio unaofaa zaidi hapa, kwa kuwa mkate mpya huloa na kuvunjika. Mchanganyiko wa mayai uliobaki haufai kuwekwa kwa ajili ya kesho.

*Mkate wa kukaanga na nyanya.* Vipande hukatwa vidogo vidogo. Kitunguu, nyanya, hoho na dania hukaangwa mpaka nyanya ilainike, kisha mkate hutiwa na kugeuzwa kwa mwiko hadi unywe mchuzi. Sukuma wiki iliyobaki jana, ikiwa ilihifadhiwa vizuri, yaweza kuongezwa na kupashwa mpaka itoe mvuke.

*Chenga za mkate.* Chenga ni mkate uliokaushwa na kusagwa ukawa kama unga wa chengachenga, na hutumika kupakia samaki au katlesi kabla ya kukaangwa. Vipande vikaushwe juu ya wavu wa jiko lenye makaa yanayofifia, nje au penye dirisha wazi, kwani jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, hasa usiku wa baridi wa Molo au Elburgon, hutoa hewa isiyo na harufu ambayo huua waliolala. Anayekausha juani afunike kwa chandarua safi, maana Nakuru, mji ambao jina lake huelezwa kuwa lina maana ya mahali pa vumbi kwa Kimaasai, haikosi upepo wa kurusha uchafu. Chenga zihifadhiwe katika chupa kavu yenye mfuniko, na zikionyesha unyevu au kushikana, zitupwe.

*Kababu.* Vipande viwili hulowekwa katika maji safi, hukamuliwa, kisha huchanganywa na nusu kilo ya nyama ya kusaga, kitunguu na viungo, ili nyama iongezeke na kushikana. Kababu ipikwe mpaka katikati pasiwe na wekundu.

*Pudini ya mkate.* Huko Pwani, ambako mkate huitwa boflo, mabaki yake hulowekwa katika maziwa, mayai, sukari na iliki, kisha huokwa katika sufuria yenye mfuniko, makaa yakiwa chini na machache juu, hadi kati iwe imara. Sukari iwe kidogo, na mwenye kisukari apunguziwe kipande, kwa sababu mkate uliolala huongeza sukari mwilini sawa na mkate mpya.

Iliki, majarini, sukari na pilipili zisitumiwe kamwe kuficha ladha ya kuvu. Mkate ulioota kuvu haukwanguliwi, hutupwa wote.

8. Kiporo cha kiporo

Chakula kilichopikwa kwa mkate uliolala, hasa chenye mayai, maziwa au nyama, kisiachwe mezani zaidi ya saa mbili, na kikipashwa moto kipashwe mara moja tu.

9. Watoto

Mtoto ambaye hajatimiza miezi sita hapewi mkate wa aina yoyote, wala chai, bali maziwa ya mama peke yake. Mkubwa kidogo apewe uliolainishwa na akiwa ameketi, kwa kuwa ganda gumu humkaba.

10. Ng'ombe, kuku na nguruwe

Kaya nyingi huona kwamba mkate usiofaa kwa mtu unafaa kwa mfugo, na baadhi ya wafugaji hununua mikate iliyopita tarehe kwa gunia bila kuikagua. Lakini sumu ya kuvu huwaumiza wanyama pia: mwaka 1960, nchini Uingereza, zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa kwa lishe ya karanga iliyokuwa na kuvu, na ni kutokana na vifo hivyo ndipo wataalamu walipoitambua aflatoksini. Ng'ombe anayekula sumu hiyo huitoa katika maziwa, na kuchemsha maziwa hakuiondoi. Hivyo mkate uliotupwa zizini asubuhi unaweza kurudi katika kikombe cha chai cha mtoto yule yule aliyekusudiwa kulindwa. Mkate mkavu usio na kuvu waweza kutolewa kidogo, ukichanganywa na majani, kwani mwingi kwa mara moja humvimbisha ng'ombe tumbo.

Mkate ulioota ufungwe kwa karatasi, ufukiwe shimoni au utiwe katika pipa lenye mfuniko ambalo kuku, mbwa na watoto hawalifikii.

11. Dalili zisizongojwa

Aliyekula mkate ulioota mara moja na hana dalili yoyote hahitaji kutapishwa wala kupewa dawa za kienyeji, bali aangaliwe. Mgonjwa apelekwe kituo cha afya bila kungoja kupambazuke anapotapika kila anachokunywa, anapoharisha damu, macho yake yanapogeuka manjano, anapopumua kwa shida, au, kwa mtoto, macho yanapozama na anapokataa kunyonya. Njiani aendelee kupewa maji safi au dawa ya chumvichumvi ya pakiti, kidogo kidogo, na anyonyaye aendelee kunyonya.

12. Ukurasa wa kubandika karibu na mahali pa mkate

Mkate mgumu hupikwa. Mkate ulioota kuvu haukwanguliwi, haupakwi majarini, haukaangwi, haupewi mtoto, haupewi ng'ombe, hutupwa wote.