SOMO: SUKARI YA MAMA NA SIKU ZA KWANZA ZA MIMBA



Wengine watasema somo hili ni la waganga, si la chama. Mimi nasema ni letu. Hapa Kabonga mama mmoja, mwanika ndagala, alijifungua mtoto mwenye uti wa mgongo ulio wazi. Mtoto hakuishi. Majirani wakasema mama amevunja mwiko, na mume naye akaamini. Baadaye sana ndipo mama alipopimwa, akakutwa na ugonjwa wa sukari. Hakuna aliyewahi kumpima kabla.

Tuangalie inavyokuwa. Yai la mama likiisha kukutana na mbegu ya baba, kiinitete hukaa siku sita au saba ndipo kijishikize katika tumbo la uzazi. Moyo huanza kupiga katika juma la nne. Mfereji utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga siku ya 28 hivi. Hesabuni wenyewe: siku hiyo mama amechelewa hedhi majuma mawili tu, na pengine anafikiri ni uchovu wa kubeba beseni.

Sasa chukueni mfano wa mitumbwi yetu ya usiku. Taa zimo zote, lakini taa isiyowashwa haiiti ndagala. Jeni za urithi ni vivyo hivyo. Karibu kila chembe ya mwili inazo, ila kuna alama ndogo za kikemia zinazoamua ipi iwake na ipi izime. Elimu ya alama hizo huitwa epijenetiki. Katika siku za kwanza alama nyingi za zamani hufutwa, mpya zikaandikwa. Kwa hiyo ndipo zinapovurugika upesi. Katika panya wa maabara, sukari nyingi ya mama hufifiza jeni iitwayo Pax3, ambayo husaidia ule mfereji ufunge.

Njaa nayo huandika. Katika baridi ya 1944-45 Wajerumani walizuia chakula Uholanzi. Mwaka 2008 wataalamu walitangaza kwamba watu ambao mimba zao zilitungwa katika njaa ile walikuwa, miaka 60 baadaye, na alama pungufu kwenye jeni ya ukuaji iitwayo IGF2, kuliko ndugu zao wa tumbo moja. Gambia pia, utafiti wa 2014 ulionyesha kuwa chakula cha mama wakati wa kutunga mimba hubadili alama za mtoto. Wakulima kama sisi, wenye miezi ya shibe na miezi ya njaa.

Msitishike: mama wengi wenye sukari huzaa watoto wazima, hasa sukari ikitulizwa kabla ya mimba. Mwenye dawa asiiache. Amwambie mganga mapema kwamba anataka mtoto, aombe na vidonge vya foliki. Na akina baba, acheni habari za mwiko.

Tarehe 1 Mei 2006, Sikukuu yetu ya Wafanyakazi, serikali ya Burundi ilitangaza kuzalisha bure na matibabu bure kwa watoto chini ya miaka mitano. Jambo kubwa. Lakini siku ya 28 huwa imekwisha kupita zamani. Wajumbe wa mwaloni na wa mashamba ya michikichi, mkutano ujao mje na jibu: mwajiri wenu hutoa ruhusa yenye malipo ya kwenda kupima sukari, au husubiri mpaka tumbo lionekane?